Simu, muziki na moyo mzito: jibu kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Dodoma. Simu yangu inaonyesha kwamba naitumia kwa wastani wa saa tisa kwa siku, na hedifoni huwa masikioni karibu muda wote, hata ninapolala. Tangu muhula huu uanze nina moyo mzito, nashindwa kuamkia vipindi vya saa moja asubuhi, mambo niliyoyapenda hayanivutii tena, na nimepata sapu (mitihani ya marudio) mbili. Kaka yangu anasema simu na muziki ndivyo vilivyoniharibu, hivyo niuze simu ninunue kitochi, simu ndogo isiyo na intaneti. Je, ni kweli? Na ni muda gani kwa siku ulio salama?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa jibu lake ni fupi: hakuna idadi ya saa iliyothibitishwa kuwa ndiyo salama kwa mtu wa umri wako. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaja muda wa skrini kwa saa, lakini mwongozo huo unawahusu watoto walio chini ya miaka mitano. Mwaka uliofuata, lilipotoa mwongozo kuhusu mazoezi ya mwili, liliwashauri watu wazima wapunguze muda wa kukaa kitako bila kuwawekea kiwango, kwa sababu ushahidi uliokuwepo haukutosha kuchora mpaka. Kwa hiyo anayekwambia kwamba ukivuka saa mbili au nne akili inaharibika anakuvisha shati la mtoto mdogo.

Saa tisa ulizozitaja nazo tuzichambue kabla ya kuzilaumu. Simu ya mwanafunzi wa leo ni daftari, maktaba, redio na pochi ya fedha kwa pamoja. Notisi zinatumwa kwenye kundi la darasa la WhatsApp, vitabu vinasomwa humo humo, na hata taarifa kwamba boom, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, imeingia huipata humo. Hesabu inayotolewa na simu haitofautishi saa uliyoitumia kusoma na saa uliyoitumia kutazama harusi ya watu usiowajua. Lipo pia jambo dogo ambalo wengi hawaliangalii: anayesikiliza muziki kupitia YouTube bila kulipia hulazimika kuacha kioo kikiwaka, kwa kuwa wimbo hukatika skrini inapozimwa. Inawezekana kabisa kwamba sehemu kubwa ya saa zako tisa ni simu iliyolala kitandani ikiimba huku wewe unafua nguo. Fungua mipangilio ya simu, uone kila programu imechukua muda gani, na zaidi ya hapo uone ni saa ngapi za usiku na mchana. Usitegemee kumbukumbu yako. Mwaka 2021 Douglas Parry wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, na wenzake waliunganisha tafiti zilizolinganisha muda ambao watu walisema wanautumia na muda uliorekodiwa na vifaa vyenyewe, wakakuta kwamba makadirio yaliyo sahihi hayakufika hata asilimia 10. Ndiyo maana binafsi nasoma kwa tahadhari tafiti nyingi za zamani zilizomwuliza mtu tu, "Unatumia simu kwa muda gani?" kisha zikajenga hoja nzito juu ya jibu hilo.

Sasa nije kwenye dai la kaka yako. Ushahidi uliopo unaonekana kujipinga, na ni vyema uujue kutoka pande zote mbili. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford walichambua takwimu za vijana zaidi ya 355,000 wa Uingereza na Marekani, wakaona kwamba matumizi ya vifaa vya kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wa nafsi baina ya kijana na kijana. Ili msomaji apate picha, walilinganisha na mambo mengine yaliyokuwa katika takwimu hizo hizo, na kuvaa miwani kukaonekana kuhusiana na ustawi mdogo zaidi kuliko kutumia skrini. Hakuna anayedhani miwani huleta sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Ukisoma utafiti huo peke yake utamwambia kaka yako akae kimya.

Lakini upo mwingine unaokuhusu zaidi, kwa sababu ulihusu wanafunzi wa vyuo. Facebook ilipoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwezi Februari 2004 haikufunguliwa kwa watu wote. Iliingia chuo kimoja baada ya kingine, hadi ilipofunguliwa kwa umma mwaka 2006. Wanauchumi Luca Braghieri, Ro'ee Levy na Alexey Makarin waliona kwamba mpangilio huo ni kama jaribio lililojifanya lenyewe, kwani wangeweza kulinganisha afya ya akili ya wanafunzi wa vyuo vilivyoipata mapema na ya wale ambao haikuwa imewafikia. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2022, afya ya akili ilishuka pale mtandao ulipoingia, hasa kwa upande wa sonona, na maelezo yaliyolingana zaidi na takwimu zao ni kujilinganisha: mwanafunzi anatazama maisha ya wenzake yaliyopambwa, kisha anayapima ya kwake na kuyaona pungufu. Facebook ya wakati ule haikuwa hata na video fupi zisizokwisha unazoziperuzi wewe leo, wala hapakuwa na simu janja mfukoni mwa kila mtu.

Kwa maoni yangu tafiti hizo mbili hazipingani. Ukichanganya kwenye chungu kimoja kusoma notisi, kuzungumza na mama yako kwa video, kutazama mpira na kukodolea macho maisha ya watu mpaka usiku wa manane, wastani utakaoupata utakuwa karibu na sifuri, kwa kuwa mengine yanajenga na mengine yanabomoa. Dhara limo katika matumizi fulani, kwa watu fulani, katika saa fulani. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwagawa wanafunzi 143 katika makundi mawili. Kundi moja likatakiwa kutumia Facebook, Instagram na Snapchat, kila mtandao kwa dakika kumi tu kwa siku, na jingine likaendelea kama kawaida. Baada ya majuma matatu, waliopunguza walionyesha upweke mdogo zaidi, na sonona ikapungua hasa kwa waliokuwa wameanza wakiwa nayo kwa kiwango cha juu. Mimi hupenda kusimulia jambo la pili lililotokea hapo: wasiwasi ulipungua katika makundi yote mawili, hata lile lisilopunguza chochote, na watafiti wakahisi kwamba kule kujifuatilia tu kulikuwa na faida yake. Kwa hiyo kitendo chako cha kufungua simu na kuhesabu saa tisa ni sehemu ya tiba, usikione cha bure.

Hapa nataka tugeuze swali. Kaka yako anaona simu kisha anaona huzuni, akahitimisha kwamba la kwanza limezaa la pili. Nimeketi na wanafunzi wengi ambao mambo yalikwenda kinyume chake: moyo ulikuwa mzito kwanza, usingizi ukapotea, kukaa na watu kukawa kazi, ndipo simu ikawa kimbilio pekee lisilouliza maswali. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba robo tatu ya matatizo ya afya ya akili yanayompata mtu katika maisha yake huwa yameshaanza afikapo miaka 24. Umri wa chuo ndio umri wa magonjwa haya kujitokeza, na ndio umri ambao kila mtu ana simu mkononi. Vitu viwili vikikutana njia moja ni rahisi kukituhumu kile kinachoonekana. Ongeza boom iliyochelewa, chumba cha watu wanne mnachokaa sita kwa kubebana, matarajio ya ukoo mzima uliochanga nauli, na hofu ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Hayo yote yanaweza kumlemea mtu ambaye hajawahi kumiliki hata kitochi.

Kama ningelazimika kuonyesha kidole mahali pamoja katika barua yako, ningeonyesha usiku. Unasema hulali ila na hedifoni, na huamki kwa kipindi cha saa moja. Kampuni za simu zinauza bando la usiku kwa bei nafuu kuliko la mchana, na mwanafunzi mwenye shilingi chache anafanya hesabu ya busara: anasubiri saa sita usiku ndipo apakue, atazame, apige soga. Tunamlaumu kijana kwa kukosa nidhamu wakati soko lenyewe limemwambia kwamba mchana ni ghali. Ukilala saa tisa usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi umelala saa tatu, ilhali mwili wa mtu wa umri wako unahitaji kati ya saa saba na tisa.

Wengi husema tatizo ni mwanga wa buluu wa kioo. Mwanga una athari, lakini tusiukuze. Katika jaribio lililofanyika Boston na kuchapishwa mwaka 2015, watu 12 walisoma kwenye kifaa chenye mwanga mkali kwa saa nne kabla ya kulala, usiku tano mfululizo. Homoni ya melatonini, inayouandaa mwili kwa usingizi, ilipungua, ila walichelewa kusinzia kwa takribani dakika kumi tu wakilinganishwa na walipokuwa wakisoma kitabu cha karatasi. Dakika kumi hazikufanyi ukose kipindi. Kinachokukosesha kipindi ni zile saa nne au zaidi ulizozitoa kwenye usingizi, pamoja na ugomvi wa mtandaoni au picha ya mpenzi wa zamani iliyokufanya uendelee kuwaza hata baada ya kuizima simu.

Naukazia usingizi kwa sababu upo ushahidi kwamba ukirekebishwa, mengine hufuata. Daniel Freeman wa Oxford na wenzake waliwaandikisha wanafunzi 3,755 wa vyuo vikuu 26 vya Uingereza waliokuwa na tatizo la kukosa usingizi, nusu yao wakapewa tiba ya usingizi ya kisaikolojia kwa njia ya mtandao. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliotibiwa walilala vizuri zaidi, na sonona na wasiwasi wao vikapungua pia. Ndiyo, tiba yenyewe ilitolewa kupitia skrini. Hilo nalo ni la kumwonyesha kaka yako.

Na muziki? Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wa rika langu, waliozoea kuuona kuwa anasa ya wavivu. Katika chumba cha watu sita, hedifoni ndiyo mlango pekee unaoweza kuufunga. Muziki hutuliza hasira, huandamana na mtu katika kazi ngumu, humrudisha nyumbani mwanafunzi aliye mbali na kwao; kaswida, nyimbo za kwaya, taarabu, Bongo Fleva au singeli, kila moja ina mahali pake na sina haja ya kukuchagulia. Suvi Saarikallio wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Finland, ametumia miaka mingi kuchunguza namna vijana wanavyotumia muziki kuongoza hisia zao, na pamoja na wenzake walitunga dodoso la maswali 13 linalotenganisha usikilizaji unaojenga na unaodhuru. Jambo la maana katika kazi hiyo ni kwamba hawaulizi unasikiliza nani. Wanauliza muziki unakufanyia nini. Unakupa nguvu ya kurudi kwa watu, au unakusaidia kujificha? Ukiwa na huzuni, nyimbo zinakusaidia kulia ukapata nafuu, au unaurudia wimbo ule ule mara kumi na mbili huku ukiichambua siku uliyoachwa?

Tabia hiyo ya mwisho ndiyo ya kuiogopa. Wapo watu ambao akili yao ina mazoea ya kutafuna jambo moja bila kulimeza, na Sandra Garrido na Emery Schubert, watafiti wa Australia, wameonyesha kwamba watu wa namna hiyo huvutwa na nyimbo za huzuni hata pale zisipowasaidia. Wengine husikiliza wimbo wa majonzi wakainuka wepesi. Huwezi kujua uko upande gani kwa kusoma makala. Jipime baada ya wimbo wa tatu. Ukijikuta uko chini kuliko ulipoanza, siku moja baada ya nyingine, wimbo huo umekuwa kidole kwenye kidonda.

Kuhusu kusoma huku unasikiliza, usijidanganye. Ile imani kwamba muziki huongeza akili ilienea kutokana na jaribio la mwaka 1993 huko California, ambapo wanafunzi 36 walisikiliza muziki wa Mozart, mtunzi wa zamani wa Ulaya, na kufanya vizuri zaidi katika mafumbo ya maumbo, kwa muda usiozidi robo saa. Hapo ndipo hadithi ilipoishia, biashara ya kanda za kuwafanya watoto kuwa werevu ikaendelea. Majaribio yaliyofanywa Cardiff, Wales, yaligundua kwamba kukumbuka mfululizo wa vitu kulivurugwa na muziki kwa kiasi kile kile, uwe ni muziki ambao mtu anaupenda au anaouchukia, ukilinganisha na ukimya. Wimbo wenye maneno unayoyaelewa unagombania nafasi ile ile ya akili inayosoma. Ukiwa unafua, unatembea au unanakili, sikiliza. Ukiwa unakariri kwa ajili ya sapu, vua hedifoni.

Na ukiwa unalala, vua pia. Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, aliona mwaka 2021 kwamba nyimbo zinazosikilizwa karibu na kulala huendelea kujirudia kichwani usiku, zikamwamsha mtu na kuupunguzia usingizi ubora wake. Cha kushangaza, zile zilizoondolewa maneno ndizo zilizonata zaidi, kana kwamba ubongo unahangaika kujaza mashairi yaliyokosekana. Masikio yenyewe pia yana mpaka, na huu, tofauti na muda wa skrini, una tarakimu: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba sauti ya desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, lakini ikifika desibeli 90 muda huo unashuka hadi saa nne tu kwa wiki. Wewe unayevaa hedifoni kutwa kucha, punguza sauti hadi kiasi kwamba mtu akikuita kutoka upande wa pili wa chumba unamsikia.

Sasa kitochi. Kabla ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2018, watafiti waliwalipa watu wafunge akaunti zao za Facebook kwa wiki nne. Kila mmoja alijipatia takribani saa nzima kwa siku, sehemu yake ikaenda kwa ndugu na marafiki na sehemu nyingine kwenye televisheni. Hali ya nafsi ikawa bora, ila kwa kiasi kidogo. Kiasi kidogo si haba, lakini hakitoshi kutibu hali unayoieleza, na gharama yake kwako ni kukosa notisi, taarifa za darasa na mawasiliano na nyumbani. Usiuze simu.

Fanya hivi badala yake. La kwanza, ambalo halisubiri mengine, ni kumwona mtaalamu. Moyo mzito, kupoteza hamu ya uliyoyapenda, usingizi kuvurugika na masomo kuanguka, vikidumu zaidi ya majuma mawili, ni dalili tunazozichukulia kwa uzito. Tunalo dodoso fupi la maswali tisa, linalotumika kwa Kiswahili pia, ambalo huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Alama zake huanzia 0 hadi 27, na anayefikisha 10 huhitaji kuchunguzwa zaidi. Haliwezi kuchukua nafasi ya daktari, lakini litamwonyesha pa kuanzia. Anza kwa mshauri wa wanafunzi au zahanati ya chuo. Na kwa kuwa uko Dodoma, Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili, iko karibu nawe, na usikubali kuzuiwa na utani wa mtaani kuhusu jina hilo, kwa kuwa wanaohudumiwa huko ni pamoja na watu wanaoingia kliniki asubuhi na kurudi kazini mchana. Ikitokea umewaza kujidhuru au kwamba ni afadhali usingekuwepo, usingoje miadi: mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo, asikuache peke yako, na mwende hospitali pamoja.

La pili ni usiku. Kama bando la usiku ndilo unaloliweza, panga upakuaji ujiendeshe wenyewe huku simu ikiwa mbali na kitanda, upande wa pili wa chumba, na unachokipakua ukitazame mchana bila kutumia bando. Amka saa ile ile kila siku, hata Jumapili, hata kama ulichelewa kulala. Saa ya kuamka ndiyo inayoivuta saa ya kulala. La tatu, katika programu zote ulizoziona kwenye hesabu ya simu, chagua moja tu ambayo kila ukiifunga unajiona mdogo kuliko ulipoifungua, uiondoe kwa majuma matatu. Usianze na zote, utashindwa siku ya nne. Muziki uache ulivyo mchana, isipokuwa wimbo ule unaokurudisha kwenye kidonda, na mara moja kwa wiki usikilize au uimbe pamoja na watu, iwe kwaya, madrasa au uwanjani.

Zile sapu mbili, zungumza na mwalimu wako mapema, ukiwa na barua ya kliniki mkononi. Kaka yako naye ana kazi, kwa kuwa nimeona anakujali: kwa majuma matatu yajayo akupigie simu kila siku saa kumi na mbili asubuhi, asikate mpaka umeivuka sakafu ya chumba kwenda kuipokea.